Skidu inalia lakini haivuti: niliyowaambia wenzetu pale Winnipeg

Mlioshindwa kuja Jumamosi kwa sababu ya ule upepo, hii hapa hotuba yangu yote kuhusu skidu, yaani pikipiki za theluji, zinapopoteza nguvu, kama nilivyoisema ukumbini Winnipeg, Kanada. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Wenzetu wa Uvira na Bukavu, jambo sana. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nianze na swali. Nani humu ndani ameshawahi kuwa katikati ya Ziwa Winnipeg, pwani haionekani tena, kidole gumba kimekandamiza akseleta mpaka mwisho, injini inalia kweli kweli, na skidu inatambaa tu kama kuna mtu anaivuta kwa nyuma? Nyoosheni mikono tuone. Haya, ni wengi kuliko nilivyodhani. Sasa swali la pili. Mlipofika nyumbani mlinunua nini? Kabureta? Plagi? Koili? Na ikapona? Naona mikono imeshuka.

Ndo maana nimekuja. Sikuja kuwafundisha kufungua injini, kufungua injini hata mtoto anaweza akipewa spana. Nimekuja kuwaomba kitu kimoja tu, na nitakirudia mpaka mchoke: uliza kwanza, fungua baadaye. Uliza kwanza, fungua baadaye.

Na kabla ya yote niwape kisa cha alietengeneza Ski-Doo ya kwanza, lile jina ambalo sisi huku tunaziita skidu zote hata kama sio za kampuni yake. Alikuwa fundi wa kijijini kule Valcourt, Quebec, anaitwa Joseph-Armand Bombardier, alikuwa na gereji kama hizi zetu. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake Yvon, miaka miwili tu, akaumwa tumbo, ugonjwa wa kukimbizwa hospitali kwenda kupasuliwa. Barabara zote zimefukiwa na theluji. Baba mwenyewe alikuwa kwa miaka mingi anahangaika kutengeneza gari la kupita juu ya theluji ila siku ile halikuwa tayari, na mtoto akafariki. Yule baba hakuacha kazi, akaendelea, mwaka 1937 akapata hati ya uvumbuzi ya ule mtambo wa mnyororo wa mpira na magurudumu ya meno, akaanza kuuza gari la watu saba, na mwaka 1959 ikatoka hii ndogo ya mtu mmoja au wawili. Kwahiyo mtu akiniambia "aah fundi, imepungua nguvu kidogo tu, nitaenda nayo hivyo hivyo kuvua", mimi sicheki. Hii mashine ilizaliwa kwa sababu kuna mtu alishindwa kufika. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kilomita 15 kutoka nchi kavu, hakuna kitu kinaitwa nguvu kidogo.

Sasa tuingie kazini. Nguvu ya injini ikipotea kuna mambo mawili tu yanaweza kuwa yametokea. Ama injini haitengenezi hiyo nguvu, ama inaitengeneza vizuri kabisa halafu inaliwa njiani kabla ya kufika kwenye theluji. Basi. Na ukikosea hapa mwanzoni, hela yako yote itaenda upande ambao sio.

Utajuaje? Una saa ya mizunguko pale mbele, yule mshale ambao watu wengi hawautazami kabisa, wanatazama spidi tu. Injini nyingi za skidu za mchanganyiko wa oili na petroli zikikandamizwa mpaka mwisho zinakaa karibu na mizunguko 8,000 kwa dakika, ya kwako imeandikwa kwenye kitabu chake. Nenda sehemu wazi, kandamiza, tazama mshale. Mshale umefika pale pale pa siku zote au hata umepita, lakini spidi haipo? Injini yako ni nzima mzee wangu, iache. Tafuta belti, tafuta klachi. Mshale haufiki, unakwama 6,500 au 7,000? Hapo ndo uanze kuiuliza injini maswali, japo hata hapo unaanza na yaliyo rahisi.

Kuna kijana mmoja alinijia Januari mwaka juzi, kijana mzuri mchapakazi, anafanya kazi ya zamu za usiku, hela yake ya jasho. Alikuwa ameshanunua kabureta mbili mpya, pampu ya petroli, plagi seti tatu, na alikuwa anataka kuagiza silinda. Silinda! Nikamuuliza, kaka, mshale unafika wapi? Akasema unapita hata ulipokuwa unafika zamani, injini ina kelele kuliko mwanzo. Nikafungua kifuniko cha pembeni, hata sijashika spana, harufu ya mpira ulioungua ikanipiga puani. Belti imekwisha. Pembeni inang'aa kama kioo, haishiki tena, klachi inaibana inateleza tu. Belti ya skidu sio ya mapambo jamani, ndio gia yako, hii mashine haina gia nyingine. Klachi ya mbele inaibana belti kadiri injini inavyokimbia, belti inapanda juu, klachi ya nyuma inafunguka, ndo spidi inapatikana. Belti ikilika ikawa nyembamba haiwezi kupanda mpaka juu, kwahiyo utaondoka kwa kujivuta na spidi ya mwisho hutaiona. Pima upana wake. Nyingi zikishapungua milimita 3 tu upana wa mwanzo zinatakiwa kutupwa, na milimita 3 kwa macho huwezi kuziona, chukua kipimo. Na ukibadilisha, safisha na uso wa klachi, ule unga mweusi wa mpira ukibaki pale na belti mpya nayo itateleza.

Yule kijana alirudi nyumbani na belti mpya na kabureta zake za zamani tulizozirudishia. Zilikuwa nzima muda wote.

Na wakati uko huko huko, nyanyua mkia wa skidu juu ya stendi, injini imezimwa, belti umeitoa, zungusha mnyororo kwa mkono. Unazunguka mwepesi? Mzito? Kuna breki zinabaki zimeshika, kuna beringi zimekufa, kuna mnyororo umekazwa mno, na kuna barafu iliyoganda huko ndani tangu jana ulipopita kwenye maji maji ukaipaki nje. Hivyo vyote vinakula nguvu kimya kimya. Na naomba sana, wenye watoto hasa: injini ikiwa inawaka na mkia uko juu, mtu asisimame nyuma. Mnyororo ukirusha jiwe au kipande cha chuma, kinaua.

Haya, tuseme mshale haufiki. Injini yenyewe ndo haina nguvu. Injini inataka nini? Inataka hewa, petroli, moto wa plagi, na kubana. Vinne. Mkikosea mpangilio mtaanza na kile cha gharama kubwa, kwahiyo anza na hewa, kwasababu hewa ni ya bure.

Dada mmoja Mrundi, mama wa watoto watatu, mwezi wa tisa alinunua skidu iliyokwisha tumika, ilikuwa imekaa kwenye banda la mtu tangu theluji ilivyoisha. Ikawaka vizuri, kwenye resi ndogo nzuri, ukikandamiza inazama, inatoa moshi mweusi, plagi zinalowa. Amezungushwa huku na huku wiki tatu. Nilivyofungua boksi la hewa nikakuta kiota cha panya. Majani, pamba za kiti, karanga, yaani nyumba kamili. Injini ilikuwa inapumulia kwenye nafasi ya vidole viwili. Tuliitoa kwa mkono, dakika kumi, na kwenye ekzosi nako kulikuwa na kiota kingine. Panya huku wanajua baridi inakuja kuliko sisi tunavyojua. Kwahiyo skidu yoyote iliyolala miezi sita, kabla hujaiwasha, angalia boksi la hewa, angalia ekzosi. Na katikati ya msimu, ukipita kwenye theluji laini ya unga ule unaoruka, wavu wa kuingizia hewa unaziba kwa theluji. Unapangusa na glavu, unaendelea na safari.

Hewa ni hiyo. Petroli ndo nataka nikae nayo.

Mimi nimekulia Tanga, mjomba wangu alikuwa na boti ya kuvulia na mashine ya nguvu farasi 40 nyuma, mchanganyiko wa oili na petroli, ni ndugu kabisa wa hizi skidu zetu. Siku moja tunarudi na samaki, mashine inakimbia vizuri kama robo saa hivi, halafu inaanza kulegea, inalegea, inalegea, inazima. Tukikaa dakika tano inawaka tena kama haina tatizo, tunaenda robo saa, inalegea. Mimi nikiwa na miaka kumi na nne nimeshashika spana ya plagi. Mjomba akanishika mkono, akaniambia, weka chini hiyo, tazama pampu ya mkono. Ile pampu ya mpira kwenye paipu ya petroli ilikuwa imenyonywa imekuwa bapa kama chapati. Akaenda kwenye tangi, akalegeza ule msumari mdogo wa hewa juu ya kifuniko, tukasikia fssss, tangi likavuta pumzi, tukafika nyumbani. Tangi lilikuwa limefungwa hewa! Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho petroli nayo inagoma kutoka.

Miaka mingi baadaye, hapa hapa Manitoba, baridi ya kutisha, naletewa skidu inakimbia robo saa halafu inalegea. Mnajua nilifanya nini? Nilifungua kifuniko cha tangi tu. Fssss. Sauti ile ile ya Tanga. Kipaipu cha kupitishia hewa ya tangi kilikuwa kimebanwa chini ya usukani na ndani yake kuna barafu. Kwahiyo ndugu zangu, ya kwenu ikianza tabia ya kulegea baada ya muda na kupona ikipumzika, kabla hujafanya kitu kingine chochote duniani, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Uliza kwanza, fungua baadaye.

Mengine ya petroli. Petroli ya mwaka jana sio petroli, imwage, usilionee huruma tangi lililojaa. Yenye ethanoli inavuta maji, na maji yakizidi yanajitenga yanakaa chini ya tangi, na chini ndiko paipu inakonyonya, halafu kwenye baridi hii yanaganda ndani ya filta. Kabureta iliyolala na petroli ndani inaacha gundi kwenye jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, na jeti ndogo ina tundu la kupitisha unywele, ikiziba nusu huwezi kuona mpaka uinyanyue kwenye mwanga. Na pampu ya petroli ya skidu nyingi za kabureta haina umeme wala nini, inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye tumbo la injini kupitia kipaipu kidogo cha mpira. Kile kipaipu kikipasuka hata ufa tu, resi ndogo utakuwa sawa, ukikandamiza inakosa. Kipaipu cha dola chache. Nimeona watu wanabadilisha pampu wanaacha kipaipu.

Halafu kuna hili ambalo sisi tuliotoka joto linatushika wengi. Hewa ya baridi ni nzito. Nyuzi 30 chini ya sifuri, hewa ina uzito wa karibu asilimia 12 zaidi kuliko kwenye sifuri, maana yake silinda inaingiza hewa nyingi zaidi na inataka petroli zaidi kwenda nayo. Za sindano, zinazopuliza petroli kwa umeme, zina sensa, zinajirekebisha zenyewe. Ya kabureta haijui, inajua jeti uliyoiwekea tu. Mtu kaweka jeti mwezi wa tatu theluji inayeyuka, kila kitu safi, Januari inakuja na nyuzi 35 anakandamiza dakika mbili mfululizo ziwani. Mchanganyiko umekuwa mkavu. Na injini hizi oili inakuja pamoja na huo mchanganyiko na petroli yenyewe inapooza pistoni. Mwanzoni anasikia inakimbia vizuri ajabu, nyepesi, kali. Halafu inaanza kupungua yenyewe, kidole hajakitoa. Hapo, hapo hapo jamani, toa kidole. Toa kidole! Ile kupungua ni pistoni imepata moto inavimba inabana ukuta wa silinda. Ukitoa kidole sekunde ile unaweza kuokoa injini. Ukiendelea unashusha pistoni iliyotoboka.

Sasa plagi, au buji kwa wenzetu wa Kongo na Burundi. Plagi ndiyo shahidi. Haidanganyi na haina gharama kuisoma. Ikitoka na rangi ya chokoleti, sawa. Ikitoka nyeusi imelowa, petroli ni nyingi au moto ni dhaifu. Ikitoka nyeupe kama imepakwa chokaa, mchanganyiko mkavu, simama, usiende popote. Na msome zote mbili mkizilinganisha, manake silinda mbili ni kama mapacha, mmoja akitofautiana na mwenzie ujue kuna jambo upande ule. Nyeupe upande mmoja tu, mimi moja kwa moja naangalia mpira wa kabureta ya upande huo kama umepasuka unanyonya hewa, halafu sili ya krenki.

Na kubana, yaani kompresheni. Hii naomba mnunue kipimo, msitegemee kuvuta kamba na kusema "naona iko ngumu bado". Injini ya silinda mbili ikifa kidogo bado inavutika ngumu. Mnatoa plagi zote mbili, waya zake mnazigusisha kwenye chuma cha injini ili zisirushe moto ovyo, mnafungua akseleta mpaka mwisho, hii watu wanasahau halafu wanapata namba ndogo wanapanik, mnavuta mara saba nane mpaka mshale ugome kupanda. Nyingi zinasoma karibu psi 120. Lakini mimi namba yenyewe siisumbukii sana, nasumbukia tofauti. Moja 120 na nyingine 118, nenda kavue. Moja 120 na nyingine 95, usiiwashe tena, kuna ringi au pistoni imeharibika, na ukiwasha mara moja zaidi vipande vinaweza kushuka kwenye krenki, bili inakuwa mara tatu.

Kwa nini silinda inakwaruzika? Nawaambia wazi kwa sababu nimeliona kwenye jamii yetu mara nyingi kuliko lolote. Asubuhi, baridi, mtu kavaa koti, anawasha, anakandamiza hapo hapo anaondoka kasi ili apate joto. Pistoni ni aluminiamu, inapata moto haraka inavimba, silinda bado ni barafu haijafunguka. Zinakwaruzana. Injini haikufa siku ile. Ilipoteza kitu kidogo. Kesho yake tena kidogo. Mwezi wa pili anakuja, fundi imekosa nguvu sijui imekuwaje. Dakika tano tu, wazee wangu. Iache iungurume mpaka maji yapate joto, nyanyua mkia ushushe mnyororo usigande, kunywa chai.

Nigusie haraka mawili. Injini nyingi za sasa zina milango kwenye tundu la ekzosi, Rotax, watengenezaji wa injini za Ski-Doo, wanaiita RAVE, inafunguka injini ikikimbia sana. Masizi ya oili yakiigandisha ikiwa imefungwa, chini nzuri juu hakuna kitu, na ikiganda wazi ni kinyume chake. Itoe, isafishe, irudishe.

Na la pili ni barafu tupu. Hizi za kupozwa na maji, rejeta yake iko chini ya kiti na inapozwa na theluji inayorushwa na mnyororo. Upepo ukifagia ziwa ukabaki kioo kitupu hakuna kinachorushwa, inachemsha, na za kompyuta zinajipunguza nguvu zenyewe kujiokoa. Mwaka huu Februari tulikuwa skidu tatu kaskazini ya mji wa Gimli, ya katikati ikaanza kutambaa, mwenyewe keshapaniki anataka tumvute. Tukaiongoza mpaka kwenye tuta la theluji pembeni, tukairushia theluji chini ya mkia, tukakaa dakika kumi, ikarudi nzima. Haikuwa mbovu, ilikuwa na homa. Fungeni vikwaruzo vya barafu pembeni ya reli, vinachimbua barafu vinairusha juu.

Mzee aliyeuliza wakati wa chai kuhusu ya kwake, ile iliyopaki pale nje upande wa jenereta, umesema inakwama 7,000, ilinunuliwa vuli, na hujawahi kufungua boksi la hewa. Haya, vaeni makoti tutoke wote. Mtu mmoja aje na tochi, na vijana naomba spana zibaki humu ndani kwanza.